Mama anamnyima mwanawe sukari kwa kuogopa saratani: seli ya uvimbe hula nini hasa?

Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni muuguzi katika wodi inayolaza watoto wenye saratani, na wengi wa wagonjwa wetu wana limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, ule uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua upesi kiasi kwamba mzazi huuona umeongezeka kati ya Jumatatu na Ijumaa. Wiki mbili zilizopita nilimkuta mama mmoja akimnywesha mwanawe wa miaka sita uji mtupu, usiotiwa sukari wala maziwa, na ndizi mbivu walizoletewa na shangazi wa mtoto amezificha chini ya kitanda. Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba amesikiliza ujumbe wa sauti uliosambazwa katika kundi la familia yao, unaosema kwamba seli za saratani hula sukari, kwamba mwanasayansi mmoja Mjerumani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuligundua jambo hilo, na kwamba mzazi anayempa mwanawe kitu kitamu anaulisha uvimbe. Mtoto mwenyewe amepungua kilo mbili tangu alazwe.

Nilimsihi ampe chakula kama kawaida, lakini sikuwa na hoja ya kumpa, kwa sababu chuoni nasi tulifundishwa kwamba uvimbe huchukua glukosi, yaani sukari ya damu, nyingi kuliko nyama zinazouzunguka, na kwamba kipimo cha picha kiitwacho PET hutegemea tabia hiyo. Naomba mnifafanulie mambo mawili. Ikiwa seli ya saratani inapata oksijeni ya kutosha, kwa nini iiache njia yenye nishati nyingi na kushika njia yenye nishati kidogo? Na ikiwa kweli inaitaka sukari kiasi hicho, kwa nini tusimnyime mgonjwa sukari? Ningependa majibu ambayo nitaweza kumweleza mama aliyekaa kando ya kitanda, maana huyu anafanya haya yote kwa sababu anampenda mwanawe.

Mwalimu Mstaafu wa Bayokemia

Mwanangu Muuguzi, nitaanza na huyo Mjerumani, kwa sababu ujumbe ule umebeba nusu tu ya habari yake.

Anaitwa Otto Warburg, na maabara yake ilikuwa Dahlem, mjini Berlin. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikata vipande vyembamba sana vya uvimbe wa panya, akaviweka katika chombo kinachopima mabadiliko ya gesi. Seli ya kawaida ikipata oksijeni huichoma glukosi hadi mwisho ndani ya mitokondria, vinu vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli. Ikikosa oksijeni, kama inavyotokea kwa misuli ya mtu anayekimbia kupita uwezo wake, huishia katikati ya njia na kuigeuza glukosi kuwa asidi laktiki. Warburg aliona kwamba seli za uvimbe zilitoa asidi laktiki kwa wingi hata zilipozungukwa na oksijeni tele. Mwaka 1925 wanasayansi Carl na Gerty Cori walipima damu iliyokuwa ikitoka katika bawa la kuku lenye uvimbe na ile ya bawa lisilo na uvimbe, wakakuta upande wa uvimbe glukosi imepungua zaidi na asidi laktiki imeongezeka. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli, na mama huyo hakudanganywa katika hilo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1931, hata hivyo, Warburg alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha upumuaji wa seli, si kwa habari ya uvimbe na sukari.

Alikosea katika sababu. Aliamini kwamba mitokondria za seli ya saratani zimeharibika, na kwamba uharibifu huo ndio chanzo cha saratani yenyewe. Akashikilia hivyo hadi alipofariki mwaka 1970. Leo tunajua kwamba katika saratani nyingi mitokondria zinafanya kazi, na baadhi ya seli hizo haziwezi kuishi bila hizo mitokondria. Kwa hiyo seli haikuingia njia ya asidi laktiki kwa sababu njia nyingine imefungwa. Imepangiwa upya matumizi yake.

Hapa ndipo penye swali lako la kwanza. Molekuli moja ya glukosi ikiishia kwenye asidi laktiki huipatia seli ATP (sarafu ya nishati ya seli) 2 tu, na ikichomwa hadi mwisho huipatia ATP 30 au 32 hivi. Ukihesabu nishati peke yake, seli ya uvimbe inaonekana inafuja mali. Lakini seli inayojiandaa kugawanyika haihitaji nishati tu, inahitaji pia vitu vya kujengea seli ya pili: mafuta ya utando, vipande vya DNA na RNA, asidi amino za protini. Fikiria watu wawili wenye gogo la mti. Anayetaka kupika atalichoma lote, naye atapata moto mkubwa na majivu. Anayetaka kujenga nyumba atalipasua mbao, na moto wake utakuwa wa maranda na vipande vilivyobaki. Glukosi ikichomwa hadi mwisho, kaboni yake yote hutoka kwa pumzi ikiwa hewa ya kaboni dioksidi, na hakuna jengo linaloweza kusimamishwa kwa hewa hiyo. Ikisimamishwa njiani, sehemu yake huchepushwa kutengeneza sukari ya raibosi kwa ajili ya DNA, gliseroli kwa ajili ya utando, na serini kwa ajili ya protini na mambo mengine mengi.

Mfano huu una kasoro ambayo lazima niikiri, kwa kuwa wanafunzi wangu waliokuwa makini walikuwa wakiniuliza kila mwaka: mbona sehemu kubwa ya kaboni hiyo haijengi kitu, bali hutolewa nje ya seli ikiwa asidi laktiki? Jibu linalonitosheleza ni kwamba seli inalipia kasi. Njia ya glukosi hudumu ikitiririka pale tu ambapo NAD (molekuli inayoisaidia njia hiyo kwa kubeba elektroni) iliyotumika inarudishwa hali yake ya mwanzo, na kutengeneza asidi laktiki ndiyo namna ya haraka ya kuirudisha. Mtaro ukijaa maji yanayokwenda kasi, vijito vyote vinavyochepuka kutoka humo hupata maji, hata kama maji mengi yanapita hadi mwisho na kumwagika. Na katika mwili wa mtu aliyelishwa, glukosi ya damu kwa kawaida haipungui kiasi cha kuifanya seli iwe bahili.

Daktari wa Saratani za Watoto

Maelezo ya Mwalimu ni sahihi, nami nitaendelea na swali la pili, ambalo wazazi huniuliza karibu kila siku ya kliniki.

Tutazame limfoma ya Burkitt yenyewe. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya kilomita akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo unaonekana kwao, hadi ikadhihirika kwamba ramani yake inafuata joto na mvua, ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo ramani ya malaria. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Kinachotuhusu leo ni kilichotokea ndani ya seli: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hukatika na mara nyingi huungana na kromosomu ya 14, mahali ambapo seli B, aina ya seli za kinga, husoma jeni za kingamwili bila kupumzika. MYC ikifika hapo haizimwi tena. Ni jeni inayoamuru jeni nyingine nyingi, na miongoni mwa amri zake ni kuongeza milango ya glukosi kwenye utando wa seli, kuongeza kimeng'enya kinachotengeneza asidi laktiki, na kuongeza matumizi ya glutamini, asidi amino iliyo nyingi kuliko zote katika damu. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili.

Sasa chukua mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo umnyime sukari. Ubongo wake unategemea glukosi, kwa hiyo mwili hauwezi kuiacha ikapungua ovyo katika damu. Ini litatoa akiba yake, na akiba ya mtoto huisha mapema. Baada ya hapo litaanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi amino za misuli yake mwenyewe, na hata kutokana na ile asidi laktiki inayomwagwa na uvimbe. Sukari ya damu itabaki karibu pale pale ilipokuwa. Milango ya glukosi ambayo uvimbe umejiwekea ni ya aina inayoikamata glukosi hata ikiwa chache, kwa hiyo uvimbe utaendelea kupata mgawo wake huku mapaja ya mtoto yakipungua. Zile kilo mbili ulizozitaja, Dada, uvimbe haukuzikosa. Aliyezikosa ni mtoto.

Zaidi ya hayo, katika majaribio ya maabara, seli B zinazoendeshwa na MYC zikinyimwa glukosi zimeonekana zikiendelea kuishi na kugawanyika kwa kutumia glutamini. Glutamini mwili huitengeneza wenyewe, na misuli ndiyo ghala lake kubwa. Hakuna chakula unachoweza kumwondolea mtoto ili uiondoe.

Na mtoto mwenye utapiamlo huzidiwa na dawa. Madhara yake huwa makali zaidi, maambukizi humpata kwa urahisi, dozi huahirishwa, na katika ugonjwa unaokua kwa kasi hii kila dozi inayoahirishwa ina gharama. Uji mtupu ndio unaoniogopesha katika habari yako.

Mtafiti wa Maabara

Naomba kuongeza upande ambao husahaulika, nao ni kwamba seli zenye afya hubadili matumizi yao kwa namna hiyo hiyo, na zisingefanya hivyo tusingeishi.

Seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ikiwa imetulia ndani ya tezi hutumia chakula kidogo na hukichoma hadi mwisho. Ikitambua kijidudu, ndani ya saa 24 huvimba, huongeza milango ya glukosi, huanza kumwaga asidi laktiki hata penye oksijeni, kisha hugawanyika kwa kasi inayoweza kuishinda ile ya uvimbe. Maambukizi yakiisha, seli nyingi kati ya hizo hufa, na chache zinazobaki kutunza kumbukumbu hurudi kwenye matumizi ya utulivu na kuchoma mafuta. Tofauti kati yake na seli ya limfoma iko katika swichi: seli T huwashwa kwa ishara na huzimwa ishara inapokwisha, lakini katika limfoma ya Burkitt swichi imekwama, kama alivyoeleza Daktari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa makrofeji, seli zinazomeza bakteria wa kifua kikuu. Zikichokozwa hupunguza uchomaji na kukatisha ule mzunguko wa Krebs tuliokariri sekondari, ambao ni sehemu ya uchomaji ndani ya mitokondria, kisha molekuli iliyokuwa ipite katika mzunguko huo hugeuzwa kuwa itakoneti, ambayo huziba kimeng'enya ambacho bakteria huyo hukihitaji ili aishi kwa kula mafuta. Molekuli nyingine ya mzunguko huo huo, suksineti, hurundikana na kuituliza protini ya HIF isivunjwevunjwe. HIF ndiyo inayoiambia seli ijipange kwa maisha ya oksijeni chache, na kwa kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Nobel mwaka 2019. Ninapowaza kwamba njia tuliyoiona vitabuni kama kinu cha kusagia chakula ndiyo pia inayotengeneza silaha na kupeleka ujumbe, bado nasisimka, ingawa nimefanya kazi hii kwa miaka mingi.

Hilo lina matokeo katika kipimo cha PET. Mgonjwa huchomwa glukosi iliyotiwa florini 18, ambayo mnururisho wake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Seli huiingiza lakini haziwezi kuimaliza, basi hurundikana na kuonekana. Uvimbe huwaka. Lakini kidonda cha kifua kikuu nacho huwaka, kwa sababu kimejaa seli za kinga zinazokula glukosi, na katika nchi zetu daktari asiyelikumbuka hilo anaweza kumwambia mtu ana saratani ya mapafu kumbe ana ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya miezi sita.

Kwa muuguzi wa wodi ya watoto nitataja pia malaria. Kimelea akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu huishi karibu kabisa kwa kuikatia glukosi njiani na kutoa asidi laktiki, na chembe iliyoambukizwa hutumia glukosi nyingi mara kadhaa kuliko chembe isiyoambukizwa. Akiingia ndani ya mbu hujipanga upya na kuzitegemea zaidi mitokondria zake. Ndiyo sababu mojawapo ya mtoto mwenye malaria kali kushuka sukari chini ya milimoli 2.2 kwa lita na kupanda asidi laktiki hadi milimoli 5 au zaidi. Mtoto huyo hatumnyimi glukosi eti kwa sababu kimelea anaipenda. Tunamtundikia.

Mgonjwa wa Kisukari

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni mtu mzima, nina kisukari cha aina ya pili, na daktari wangu ameniambia kwamba unene na insulini nyingi katika damu huongeza hatari ya baadhi ya saratani. Je, nikisoma majibu haya nielewe kwamba soda hazina neno?

Daktari wa Saratani za Watoto

La, ndugu yangu, daktari wako yuko sahihi, nawe umfuate. Soda za kila siku kwa miaka mingi huleta unene, unene huleta insulini nyingi, na insulini ni ishara inayoziambia seli nyingi zikue. Jambo hilo linahusu hatari ya kupata ugonjwa katika maisha ya mtu mzima aliyeshiba. Linatofautiana sana na mtoto aliyekonda ambaye tayari ana uvimbe na yuko katikati ya matibabu. Ujumbe ule wa sauti umelichukua onyo la mtu mmoja na kumbebesha mwingine.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Leo mchana niliketi na yule mama. Habari ya ini kutengeneza sukari kutokana na nyama ya mtoto ndiyo iliyomgusa. Alimshika mwanawe mkono, akaupima kwa vidole vyake, akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: ikiwa tunajua seli hizo hula nini, kwa nini hakuna dawa ya kuzifungia mlango badala ya kumfungia mtoto chakula?

Mwalimu Mstaafu wa Bayokemia

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama huyo kwamba ameuliza kama mtafiti, na kwamba dawa za namna hiyo zipo, nyingine tangu zamani.

Mwaka 1953 John Kidd aliona kwamba majimaji ya damu ya nguruwe wa Guinea (simbilisi, mnyama mdogo mgugunaji) yakidungwa kwa panya wenye limfoma, uvimbe hunywea, lakini ya wanyama wengine aliowajaribu hayafanyi hivyo. Mwaka 1961 John Broome akaonyesha kwamba siri ilikuwa kimeng'enya cha asparajinesi, kinachoivunja asidi amino ya asparajini ndani ya damu. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini, kwa hiyo hazijali. Seli za lukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu, haziwezi kujitengenezea za kutosha, kwa hiyo hufa kwa njaa. Leo dawa hiyo ni nguzo ya matibabu ya lukemia ya watoto. Hiyo ndiyo njaa inayochagua: humpata adui na kumwacha mwenye nyumba.

Glukosi haina upenyo huo. Ilijaribiwa dawa ya deoksiglukosi, inayoziba njia ya glukosi mwanzoni kabisa, na wagonjwa wakapata dalili kama za kushuka sukari, kwa kuwa ubongo wa mtu mzima unatumia gramu 120 hivi za glukosi kwa siku na hauwezi kungoja.

Mafanikio mapya yamepatikana pale ambapo mtambo wenyewe umeharibika. Katika baadhi ya lukemia na uvimbe wa ubongo, kimeng'enya kiitwacho IDH hubadilika na kuanza kutengeneza kemikali isiyotakiwa, nayo huzizuia seli changa zisikomae. Dawa za kukiziba kimeng'enya hicho zimeidhinishwa Marekani kuanzia mwaka 2017.

Daktari wa Saratani za Watoto

Nami nimalizie kwa dawa iliyomo katika faili la mtoto huyo. Bila shaka anapewa methotrexate, au atapewa. Dawa hiyo huziba kimeng'enya kinachoiweka foleti (vitamini ya kundi B) katika hali ya kutumika, na bila foleti hiyo seli inayogawanyika hukosa vipande vya DNA. Hiyo nayo ni dawa ya umetaboli, yaani inayogusa matumizi ya chakula ndani ya seli, ingawa hatuiiti hivyo, na Burkitt mwenyewe aliitumia miaka ya 1960. Kwa hiyo kuna kitu kimoja ambacho ni lazima umuulize mama: je, anampa mtoto vidonge vya foliki, ambayo ni aina ya foleti, au dawa za kuongeza damu alizonunua dukani? Kama anampa, aviache, amwonyeshe daktari wa zamu, kwa sababu foleti ya kuikinga nyama yenye afya tunaitoa sisi, kwa saa maalumu baada ya dozi.

Chakula kisibaguliwe. Uji utiwe maziwa, sukari, na karanga zilizosagwa laini, apewe kidogo kidogo mara sita kwa siku, kwa kuwa mdomo wenye vidonda haumalizi kikombe kizima. Ndizi zitoke chini ya kitanda, zioshwe na kumenywa kwa mikono safi. Mpimeni uzito kila asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ile ile, na mama aandike namba yeye mwenyewe katika daftari lake.